Takwimu za Mtoto Wako: Ziende Wapi, Zibaki Wapi?

Leo hatuzungumzii homa wala kuhara. Tunazungumzia karatasi.

Karatasi hiyo unaijua. Umefika kliniki, mtoto yuko mgongoni, foleni ni ndefu, na kijana mwenye koti jeupe anakuomba mketi kando. Anasema kuna utafiti. Atamdunga mtoto kidoleni atoe tone la damu, na atakuuliza mambo ya nyumbani: mnalala wangapi, mnachota maji wapi, chandarua mnacho. Kisha anakuonyesha pa kutia sahihi au kidole gumba. Karibu na mwisho wa karatasi, mahali ambapo wengi tumeshachoka kusikiliza, kuna sentensi isemayo kwamba taarifa hizi zinaweza kupewa watafiti wengine, wa hapa nchini au wa nchi za nje.

Sentensi hiyo ndiyo mada yetu. Je, ukubali taarifa za mtoto wako zitoke nje ya kituo hicho? Wako wanaosema ndiyo kwa kila kitu kwa sababu wanaomheshimu daktari hawamuulizi maswali. Wako wanaokataa kila kitu kwa sababu wamesikia damu inauzwa. Wote wawili wanahitaji kujua jambo moja: kuna taarifa ambazo zikiwekwa wazi huokoa watoto, na kuna taarifa ambazo zikiwekwa wazi huumiza. Hutoka kwenye daftari lile lile, na kazi yako ni kujua ni zipi zinazotoka.

Tuanze na maana ya takwimu, au data kama wengi wanavyosema siku hizi. Chukua mfano wa majani chai. Ukipeleka majani kwenye kituo cha kununulia, karani anaandika kilo zako pamoja na namba yako. Kilo zako ni zako, na jirani hana haja ya kuzijua. Lakini kilo za wakulima wote wa kituo zikijumlishwa, kiwanda kinajua kama mwaka huu ni wa ukame, kama mbolea ilifika, kama kituo fulani kimezorota. Hakuna anayehitaji jina lako ili kuyajua hayo. Taarifa za afya ni hivyo hivyo. Homa ya mtoto mmoja ni habari ya nyumba moja. Homa za watoto 1,000 zikiwekwa pamoja, zinaonyesha ugonjwa unatoka wapi na unaelekea wapi.

Sasa nikueleze jambo lililotokea hapa hapa Gusii, kwa sababu wengi walioshiriki hawakuelezwa mwisho wake.

Malaria ya milimani si kama ile ya kando ya Ziwa. Kule mbu wapo karibu mwaka mzima, na mtoto anayenusurika hujenga kinga kiasi. Huku kwetu baridi huwapunguza mbu, kwa hiyo miili yetu haijauzoea ugonjwa. Mvua nyingi ikifuatana na joto, malaria hulipuka na kuwaangusha hata watu wazima wenye nguvu zao. Ndivyo ilivyokuwa katika milipuko ya miaka ya 1990. Chandarua chenye dawa kilijulikana kuwa kinga nzuri, lakini wataalamu wa dunia walikuwa wakibishana: je, kiuzwe kwa bei nafuu, au kigawiwe bure? Upande mmoja ulisema kitu cha bure hakithaminiwi, watu watakifanya wavu wa samaki. Upande wa pili ulisema maskini hatanunua hata kwa bei nafuu.

Kati ya 2004 na 2006, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, pamoja na Wizara ya Afya, walifuatilia watoto wapatao 3,500 wa chini ya miaka 5 katika maeneo 72 ya mashambani. Maeneo hayo yalikuwa sehemu nne za Kenya: Bondo kando ya Ziwa, Kwale pwani, Makueni Ukambani, na huku kwetu katika wilaya za Kisii ya Kati na Gucha za wakati huo. Walirudi kwenye nyumba zile zile. Waliuliza nani amelala ndani ya chandarua, chandarua kilitoka wapi, na, swali gumu kuliko yote, ni mtoto gani amefariki tangu walipokuja mara ya mwisho.

Walipoanza mwaka 2004, vyandarua viliuzwa madukani kwa bei iliyopunguzwa, na watoto 7 tu kati ya 100 ndio waliolala ndani ya chandarua chenye dawa. Kisha vikaanza kutolewa kliniki za mama na mtoto kwa shilingi 50. Bila shaka wengine wenu mnazikumbuka shilingi 50 hizo. Idadi ikapanda hadi watoto 24 hivi kati ya 100. Mwaka 2006 serikali ikagawa vyandarua milioni 3.4 bure, na idadi ikaruka hadi 67 kati ya 100. Tena safari hii mtoto wa maskini na mtoto wa mwenye nafuu walikuwa karibu sawa, jambo ambalo duka halikuwahi kuleta.

Na vifo? Kwa watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 44 wakilinganishwa na wasiolala ndani yake. Watafiti walikadiria kwamba kila vyandarua 1,000 vilivyogawiwa viliokoa watoto wapatao 7. Saba ni namba ndogo ukiisoma haraka haraka. Lakini zidisha kwa mamilioni ya vyandarua, kisha urudi kuiangalia tena.

Matokeo hayo hayakufungiwa kabatini. Mwaka 2007 yalichapishwa, na sehemu yake ilitoka katika jarida la PLoS Medicine, ambalo mtu yeyote duniani mwenye intaneti anaweza kulisoma bila kulipa senti. Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya na kutaja mfano wa Kenya: vyandarua vya kudumu vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa, na vitumiwe na kila mtu, si watoto na wajawazito peke yao. Mabishano ya miaka mingi yaligeuzwa na majibu ya akina mama wa Gucha, Bondo, Kwale na Makueni. Nyamira haikuwa kati ya sehemu zile nne, lakini mwongozo ule ulikuwa wa Nyamira pia, na wa Tanzania, na wa Kongo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuweka takwimu wazi. Anayefaidika si yule aliyehojiwa peke yake.

Faida ya pili ni kwamba takwimu za zamani hazizeeki. Mwaka 2017 watafiti, wakiongozwa na Robert Snow ambaye amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, walitoa mkusanyiko wa vipimo vya malaria Afrika tangu mwaka 1900, zaidi ya 50,000, vingi vikiwa vimelala kwenye makaratasi ya kale. Vilipowekwa pamoja vilionyesha kwamba kati ya 1900 na 1929 watoto wapatao 40 kati ya 100 walikuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu, na kati ya 2010 na 2015 wamebaki 24. Mkusanyiko huo umewekwa wazi ili mtafiti mwingine asianze upya. Kwako wewe mama maana yake ni rahisi: jibu likishapatikana na kuwekwa wazi, hakuna sababu ya mtoto wako kudungwa tena kutafuta jibu lile lile.

Kuna na faida ya tatu, nayo ni kukagua. Namba zikiwa wazi, mtafiti wa pili anaweza kuzipiga hesabu upya na kuona kama wa kwanza alikosea au alidanganya. Kampuni ikisema dawa yake haina madhara, ni vizuri wengine waione hesabu yenyewe.

Hebu sasa tugeuze ukurasa, kwa sababu hofu yenu si ya kijinga.

Februari 2015 Rais aliagiza wasimamizi wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, habari za walezi wao, na idadi ya wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Huenda nia ilikuwa njema, kuwafikia na huduma. Lakini fikiria jina la mtoto, shule yake na hali yake vikae kwenye orodha moja ofisini, orodha inayopitia mikono ya watu ambao si daktari wala muuguzi. Shirika la kutetea haki la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba, haki ya faragha na haki ya mtoto, na ikaamuru majina yaliyokusanywa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mtu.

Unaona tofauti? Kujua kwamba katika kaunti kuna watoto kadhaa wanaohitaji dawa za kupunguza makali ni takwimu, na inasaidia dawa zifike za kutosha. Kujua kwamba mmoja wao ni mtoto wa fulani wa karibu na posho mill ni siri iliyovuja. Jambo la kwanza na liwe wazi. La pili halitakiwi kutoka kwenye chumba cha matibabu.

Basi watafiti wanasema: tunaondoa jina, tunaweka namba. Ni vizuri, lakini jina peke yake halitoshi. Vijiji vyetu vimebanana na watu wanajuana. Ukiandika tu kwamba mama ni mwalimu, ana miaka 34, alijifungua mapacha watatu, na anakaa lokesheni fulani, je, kuna haja ya jina tena? Soko zima litamjua. Ndiyo maana watafiti makini huficha zaidi. Wanaandika umri kwa makundi, wanaacha tarehe kamili ya kuzaliwa, wanaondoa mambo ya nadra. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ule unaoitwa KDHS, alama ya mahali palipohojiwa husogezwa makusudi kabla watafiti wengine hawajapewa: hadi kilomita 2 mjini, na hadi kilomita 5 au hata zaidi mashambani. Huku kwetu kilomita 5 ni vijiji vingi sana, kwa hiyo mtu anayetafuta boma lako atapotea.

Lakini kuna jeraha jingine ambalo kufuta jina hakuliponyi, nalo ni jina la jamii nzima. KDHS ya 2014 ilionyesha kwamba kati ya wanawake wa Kigusii wa miaka 15 hadi 49, 84 kati ya kila 100 walikuwa wamekeketwa, huku wastani wa taifa ukiwa 21. Hakuna mwanamke aliyetajwa, lakini Mgusii yeyote anayesafiri huibeba namba hiyo begani. Binafsi naona ni afadhali iwe wazi. Ilipofichwa, wasichana waliumia kimya kimya, na wahudumu wa afya waliokeketa watoto kwa siri walijiona wanafanya kazi ya kawaida. Hata hivyo, anayeitangaza aitangaze yote. Katika utafiti wa 2008 na 2009 ilikuwa 96 kati ya 100, kwa hiyo imeshuka. Tena namba hiyo inahesabu wanawake waliokatwa miaka 30 iliyopita pamoja na wa juzi, kwa hiyo inasema mengi kuhusu mama na machache kuhusu binti yake. Takwimu ikitolewa nusu inageuka tusi.

Jambo jingine linalowakera watu ni hili: wanakuja, wanachukua, wanaondoka. Karatasi inachapishwa Ulaya, muuguzi aliyekesha akijaza fomu hatajwi, na mama aliyejibu maswali hasikii neno. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome waliwauliza wananchi, wahudumu na watafiti wenzao maoni yao kuhusu kushiriki takwimu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wengi hawakupinga takwimu kupewa wengine, ila walitaka waelezwe, walitaka siri ilindwe, na walitaka pawe na mtu wa kuwajibika anayeamua nani apewe na kwa kazi gani. Madai hayo hayahitaji digrii. Mama yeyote wa Keroka au Ogembo angeyasema.

Mjadala huu unaendelea hata kati ya serikali. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba wa afya wa miaka 5, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda ya kusimamisha sehemu yake inayohusu kupeleka taarifa za afya nje ya nchi. Kwa hiyo usione haya kuuliza. Unauliza kile kile kilichoulizwa mbele ya jaji.

Na sheria iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Taarifa za mtoto haziwezi kushughulikiwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Taarifa nyeti zinazomtambulisha mtu haziwezi kupelekwa nje ya Kenya bila ridhaa yake na bila ulinzi wa kutosha. Zikitumiwa kwa utafiti, zisichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Ukiona umevunjiwa haki hizi unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Kwa hiyo ukifika kwenye ile sentensi ya mwisho wa karatasi, msimamishe kijana kwa upole. Mwambie, “Mwanangu, hapa rudia polepole, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii.” Muulize ni nini hasa kitakachopewa wengine. Kama ni namba zisizo na jina, muulize wameficha nini zaidi ya jina. Muulize anayetaka kuzitumia anamwomba nani. Utafiti halali lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili na uwe na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na namba ya simu ya kamati iandikwe kwenye fomu. Kama haipo, chukua mtoto wako uende nyumbani.

Damu ni swali la peke yake. Namba kwenye kompyuta si sawa na tone la damu lililohifadhiwa kwenye friji ili lipimwe tena baada ya miaka 10. Unaweza kukubali moja na kukataa jingine, na fomu nzuri ina mahali tofauti pa kutia alama. Ukikataa yote mawili, mtoto wako atatibiwa kama kawaida. Anayekwambia hapati dawa hadi utie sahihi amevunja sheria ya utafiti, na mkubwa wa kituo anapaswa kujua siku hiyo hiyo.

Uliza pia matokeo yatarudi lini na wapi. Kwenye baraza la chifu? Kliniki? Redioni? Akikujibu kwamba yatakuwa kwenye intaneti, mwambie intaneti haijafika jikoni kwako, na atafute njia nyingine.

Siku hizi hata mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea huandika kwenye simu, si daftarini. Hiyo si utafiti, ni huduma, na usimfungie mlango. Lakini taarifa zile ni zako vile vile. Omba akuonyeshe alichoandika, na kama amekosea umri wa mtoto au idadi ya chanjo, arekebishe papo hapo.

Jambo la mwisho ambalo fomu nyingi husema kwa haraka: unaweza kujitoa kwenye utafiti wakati wowote bila kueleza sababu, na kuanzia siku hiyo hawatachukua kitu kipya kutoka kwako. Lakini namba zilizokwisha kutolewa kwa wengine bila jina mara nyingi haziwezi kurudishwa, kwa sababu hakuna anayejua tena ni zipi zilizokuwa zako. Ndiyo maana maswali haya huulizwa kabla ya kidole gumba kugusa wino. Omba nakala yako ya fomu, na uiweke ndani ya kijitabu cha mama na mtoto.

Katika mazungumzo yajayo tutazungumzia chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18 ambayo akina mama wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshatembea. Njoo na kijitabu chako karibu na redio.